Mawakala wangu wa Kiteto niwape simu janja au vitochi? Nimeeleza na simu nilizopitia tangu 2002

ShangaziWaMahindi, Kibaigwa

Mbukwenyi wadau, habari za mihangaiko.

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Nanunua huku kwetu Mkoka na Njoge, lakini mzigo mwingi nautoa Kiteto, nauleta soko la Kibaigwa, wanauchukua watu wa Dar. Kule Matui, Engusero na Dosidosi nina mawakala, watu ninaowaamini, wengi ni wakulima wenyewe. Msimu huu nataka kuwanunulia simu kwa hela ya biashara. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye ananisaidia hesabu, anasema: "Shangazi, wape simu janja wote, tufungue grupu la WhatsApp, watutumie picha za mzigo sisi tukiwa hapa hapa." Mimi nasema niwape vitochi, hizi simu ndogo za vitufe, vilivyo imara na betri ya akiba. Juzi tumebishana mpaka chakula kikapoa. Naomba ushauri wenu, ila kwanza mnivumilie nieleze simu nilizopitia, maana msimamo wangu umetoka humo.

Nilipoanza biashara hii, mwishoni mwa miaka ya 1990, bei ilikuwa inasafiri na dereva wa fuso. Dereva ametoka soko la Tandale, Dar, jioni, anafika Kibaigwa usiku wa manane, anakwambia leo gunia limeshinda kwa kiasi fulani. Unapakia kwa bei hiyo. Ukifika Dar unakuta magari ya mikoa mingine yameshaingia kabla yako na bei imeanguka. Aliyekuwa na haraka alikwenda mjini kupiga simu ya mezani ya TTCL, na kule Dar lazima mtu wake awe amekaa kwenye duka lenye simu akimsubiri. Asipomkuta, nauli imekwenda bure.

Simu yangu ya kwanza niliinunua Dodoma mjini mwaka 2002, jirani na stendi ya Jamatini: Motorola T190 iliyotumika, ile nene yenye kiantena kifupi juu. Laini ilikuwa ya Vodacom, namba inaanza na 0744. Baadaye namba za 0744 zikageuzwa kuwa 0754, na hiyo ndiyo namba yangu mpaka leo. Wateja wangu wa zamani wa Tandale wanaijua kwa kichwa. Simu nimebadilisha nyingi, namba sijaibadilisha na sina mpango huo.

Enzi zile vocha ndogo niliyokuwa naikuta dukani ni ya elfu tano, kwa hiyo maneno yalikuwa ya kupima. Tulikuwa tunabipu. Mimi na mtu wangu wa Tandale tuliwekeana utaratibu: akibipu mara moja, bei imesimama, pakia; akibipu mara mbili mfululizo, imeshuka, usipakie; akipiga kweli kweli, ujue imepanda, na hapo hela ya vocha hata haimuumi. Mtandao wenyewe ulikuwa wa barabarani. Ukiacha lami kuingia Njoge, umeshapotea. Huko ndani kila kijiji kilikuwa na mahali pake pa kushika mtandao, kichuguu fulani au mbuyu fulani, na jioni ungekuta watu wamejipanga hapo, kila mmoja ameinua simu juu anatafuta.

Baada ya Motorola nikatumia Nokia 3310, niliuziwa na mwalimu aliyekuwa anahama. Simu nzuri, haikunisumbua, sina la zaidi.

Iliyonikaa mkononi ni Nokia 1100. Nilianza nayo 2005. Ilitoka mwaka 2003 na dunia nzima ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na mimi sishangai hata kidogo. Vitufe vyake vilikuwa mpira mmoja uliofunika mbele yote, vumbi halipenyi. Anayelijua vumbi la ghala la mahindi atanielewa. Na juu ilikuwa na tochi. Fuso likifika saa nane usiku, umeme hakuna, tunafungua turubai, nachoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kutolea punje ndani ya gunia, punje zinamiminika kiganjani, namulika. Nikiona unga umechanganyika na punje, dumuzi wameshaanza kula. Nikiona punje zimepiga weusi au zimesinyaa, gunia hilo linakaa kando. Kisha nauma punje moja. Ikipasuka kwa mlio, imekauka. Ikibonyea kwenye jino, mzigo urudi juani. Kazi hiyo yote ya usiku niliifanya kwa mwanga wa simu ile, mkono mmoja simu, mkono mwingine mahindi.

Sababu yangu kubwa hata hivyo inamhusu mzee mmoja wa Matui. Kabla ya hapo bei ya Dar tuliijua sisi wanunuzi peke yetu. Mkulima alikuwa anasikia tunachomwambia, anahesabu watoto wake na ada zao, anakubali. Msimu huo nikafika nyumbani kwake, tukasalimiana, nikakaribishwa kigoda, nikataja bei niliyozoea kutaja. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa Nokia 1100 mpya kabisa, bado ina nailoni kwenye kioo, akampigia mwanawe aliyekuwa anabeba magunia Tandale. Akauliza mbele yangu, kwa sauti: "Mwanangu, leo hapo kilo wanachukuaje?" Akasikiliza, akashukuru, akairudisha mfukoni. Akaniambia, "Haya mama, mimi nimekusikia. Sasa na wewe nisikie."

Siku hiyo tulikaa mpaka jua linazama, tukaafikiana bei ambayo mimi ninalipa usafiri na ushuru na kubaki na changu, naye anabaki na chake. Faida yangu kwa gunia ilipungua, nasema wazi. Lakini tangu hapo wakulima wakaanza kunipigia wenyewe: "Mama, nina gunia kadhaa zimekauka, na jirani anazo, lete gari." Gari likawa linakwenda kwa mtu anayelisubiri na linarudi limejaa. Zamani lilikuwa linazunguka vijiji likiuliza nani anauza, na dizeli inateketea. Ndiyo maana mtu akidharau kitochi mbele yangu ananikera. Kitochi ndicho kilichomkalisha mkulima mezani.

Halafu ikaja M-Pesa, ilianza nchini Aprili 2008, ingawa kwa huku vijijini mawakala wa kutoa hela walichukua muda kufika. Wakati huo nilikuwa na Nokia 1208. Kabla ya hapo nilikuwa nafunga hela kiunoni kwa kanga, juu nimevaa kitenge, juu yake koti, nakaa katikati ya makuli kwenye gari, nasali njia nzima. Sitaki hata kukumbuka. Nilipita pia kwenye simu ya Kichina ya laini mbili, yenye spika ya kelele na antena ya kuvuta ya televisheni. Hiyo niliinunua kwa ajili ya laini mbili tu.

Simu janja nimeanza nayo 2016. Sizikatai: naandika hapa kwa simu janja. Lakini huo ndio mwaka watu walipokufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, kwenye mkoa wetu wa Dodoma na huko Manyara, na nilikuwa napokea picha za mahindi meupe, mazuri, yamemwagwa kwenye turubai, jua linawaka. Sumukuvu haionekani kwa macho, sembuse kwa picha. Unyevu nao hauonekani. Mimi wakala wangu namfundisha kuuma punje, na kuweka punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, atikise, aache kidogo: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Baada ya hapo anipigie, anitajie. Kwa kazi hiyo kitochi kinatosha. Na simu janja ikifika saa nane mchana kule Dosidosi, chaji imekwisha. Gari langu linafika usiku, dereva anapiga, hapatikani.

Je, nakosea wapi? Na wewe uliyepitia simu nyingi, ipi ilibadilisha kazi yako?

---

FundiWaJamatini

Shikamoo mama. Mimi natengeneza simu hapa mjini tangu enzi za pini nene ya Nokia, na simu nyingi za Kongwa na Bahi zinapita mezani kwangu. Naomba nikuambie ninachokiona kwenye simu zenyewe, mengine waseme wenzangu.

Adui wa kwanza wa simu huku kwetu ni vumbi kwenye tundu la chaji. Simu janja inaletwa "haipeleki chaji", nafungua, nakuta udongo umeshindiliwa humo kwa sababu mtu kila siku anachomeka akiwa shamba. Nasafisha kwa mswaki na spiriti, au nabadilisha tundu zima. Adui wa pili ni kioo. Simu janja ya bei ya chini ikipasuka kioo, bei ya kioo na ufundi inakaribia bei ya kununua nyingine iliyotumika, kwa hiyo mtu anaitumia hivyo hivyo mpaka mguso unakufa. Kitochi kikianguka unaokota betri, unarudisha, unaendelea.

Betri ya akiba uliyoisema ni wazo zuri sana. Nokia 1100 yako ilikuwa inatumia BL-5C, na mpaka leo vitochi vingi vinatumia betri za ukubwa huo huo, hata redio ndogo za Kichina. Ila sokoni zimejaa feki. Kabla hujanunua, ilaze mezani, izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imeshavimba, iache. Ya kweli imelala bapa, haizunguki.

Pia usinunue kitochi cha bei ya kutupa kwa mtu anayepita na begi. Bonyeza *#06#, soma namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu yenyewe, itume kwenda 15090. Jibu likirudi linataja aina nyingine ya simu, au halitambui, mrudishie. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, kwa siku kadhaa meza yangu ilikuwa haionekani kwa simu za watu zilizokufa usiku mmoja, na wenye nazo walidhani nitaziflashi zirudi. Hazirudi.

La mwisho. Mtu anaweza kukushauri ununue kile kitochi chenye intaneti cha KaiOS, kwamba kina WhatsApp. WhatsApp ilishaacha kufanya kazi kwenye hizo mwaka 2025. Usichukue kwa sababu hiyo.

Na zile za televisheni ulizosema, mama, nilitengeneza antena zake mpaka nikachoka. Mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar mwisho wa 2012 na sisi Dodoma mwanzoni mwa 2013, watu walikuja kwangu wanasema simu imeharibika.

---

NjogeKwetu

Kitochi. Masika barabara ya huku tunavuka korongo kwa miguu, simu kinywani. Simu janja hutaifikisha.

---

MkulimaMatui

Dada yangu, salamu kutoka Matui. Huyo mzee wa koti sisi wa huku tunaweza hata kumjua, maana wazee wa namna hiyo hawakuwa wengi. Mimi nimesoma maelezo yako yote, na ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Kuna mahali nakupinga, na nakupinga nikiwa upande wa anayeuza.

Simu yangu ya kwanza ilikuwa Nokia 1280, mwaka 2011. Nilichaji kwa jirani mwenye sola, analipwa shilingi mia tatu, na unaacha simu hapo kutwa. Kitu cha kwanza nilichofanya nayo si kuuliza bei. Nilimpigia daktari wa mifugo aliyekuwa Kibaya kuhusu ng'ombe wangu wawili waliokuwa wanatoa mate, akaniambia nini cha kufanya kabla hajafika. Bado nakumbuka nilivyokuwa naishika kwa mikono miwili nikiogopa isianguke.

Kuhusu laini, nakushauri jambo moja ambalo mtoto wa kaka yako asilisahau. Kila wakala laini isajiliwe kwa kitambulisho chake mwenyewe. Zoezi la alama za vidole lilipokuja, mwisho ukawa tarehe 20 Januari 2020, mimi mashine ilikataa vidole vyangu. Jembe limeshavifuta. Nikaweka kidole gumba, hapana. Cha shahada, hapana. Nikaenda nyumbani nikakaa bila kushika mpini, nikawa nasugua kwa limao jioni, nikarudi, cha kati mkono wa kushoto ndicho kilichosoma. Wapo wenzangu walichoka wakasajiliwa kwa vidole vya ndugu. Sasa ndugu akihama au mkigombana, laini ni yake na hela iliyomo ni yake. Wakala wako anapokea hela zako za kununulia mzigo, kwa hiyo hilo lichunguze kabla ya kununua simu yoyote.

Ninapokupinga ni hapa. Unasema picha haina kazi kwa sababu haionyeshi unyevu. Ni kweli. Lakini mimi mkulima picha ninayoitaka si ya mahindi. Ni ya mizani.

Dada, wewe unajua lumbesa. Wakala wa Vipimo wanaikataza kila mwaka na kila mwaka tunaiona. Gunia linashonewa kofia, linajazwa mpaka linafanya kichwa, halafu linaitwa gunia moja. Hata ukija na mizani, mzigo ukipimwa shambani unatajwa uzito mmoja, ukifika Kibaigwa unatajwa mwingine, tofauti inakatwa kwangu. Nilipimiwa hivyo na mnunuzi mmoja, sitamtaja, na sikuwa na cha kuonyesha isipokuwa maneno yangu. Msimu uliofuata kijana wangu mwenye simu janja alisimama pembeni ya mizani, kila gunia likipanda anapiga picha ya namba inavyosomeka, na jina langu limeandikwa kwa mkaa kwenye gunia. Picha zikaenda kwa mnunuzi kabla gari halijaondoka. Hakukatwa mtu.

Wewe ulisema kitochi kilitukalisha mezani. Nakubali kwa moyo wote, na nilifurahi kuona mnunuzi anaandika hivyo hadharani. Basi ujue kwamba pale mezani tumebaki na shida ya uzito, na hiyo kitochi hakiitatui.

---

MjukuuWaKizota

Shikamooni nyote. Mimi niko mjini, kazi yangu ni uhasibu, nimesoma UDOM, na mama yangu anauza ufuta na alizeti, kwa hiyo mjadala kama huu uko nyumbani kwetu kila msimu.

Mama, kwa upande wa malipo hakuna tofauti kati ya simu hizi mbili. Kitochi kinabonyeza *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money sawasawa na simu janja, bila bando. Kilichonitisha mimi ni utapeli. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" umewahi kumfikia mama yangu siku ambayo kweli alikuwa anasubiri kuelekezwa pa kutuma hela ya usafiri. Aliponusurika ni pale alipoamua kupiga kwanza asikie sauti. Wekeni sheria hiyo kwenu: hakuna hela inayotumwa kwa maandishi peke yake, iwe ni SMS au WhatsApp, mpaka mtu amesikika. Kwenye WhatsApp ni hatari zaidi kwa sababu tapeli anaweka picha ya wakala wako na jina lake. Ujumbe wa kitapeli utumeni kwenda 15040, na kila wakala abonyeze *106# aangalie kitambulisho chake kimesajili laini zipi, maana unaweza kukuta usiyoijua.

Kuhusu grupu, mtoto wa kaka yako hajakosea kabisa. Sisi tunalo la watu wa ufuta, na faida yake ni kumbukumbu. Simu ya mdomo ikishakatwa haina ushahidi. Ukiandika "kilo 4,300, bei hii, gari namba hii", inabaki hapo, na mwisho wa msimu mimi nakaa na mama tunafunga hesabu kutokana na hayo. Zamani alikuwa anaandika nyuma ya kalenda, na kalenda ikaliwa na mchwa.

Swali la simu iliyobadilisha maisha: kwangu ni Tecno ya mama aliyokuwa ananiachia usiku niazime kusomea, tukiwa Kizota, umeme wa kuungaunga. Nilisoma hesabu za kidato cha nne kwenye kioo kilichopasuka pembeni. Sitaisahau.

---

ShangaziWaMahindi, Kibaigwa

Nawashukuru sana. Nimesoma, nikamwita mtoto wa kaka yangu, tukasoma tena pamoja kwa sauti.

Kaka MkulimaMatui, umenigusa. Mimi nilikuwa naangalia mahindi, wewe umeniangalizia mizani. Uzito ndio unaotugombanisha kila msimu, na mara nyingi kati yetu hakuna anayedanganya: mzigo wenye unyevu ukikaa njiani juani unapungua kilo, na mizani za mkono nazo zinatofautiana. Lakini bila ushahidi kila mtu anamwona mwenzake mwizi. Kwa hiyo nimeamua hivi. Kila wakala anapata kitochi cha laini mbili na betri ya akiba, hicho ndicho cha kunipigia na cha kupigiwa na dereva usiku. Halafu kila kituo, Matui, Engusero na Dosidosi, kinapata simu janja moja ambayo inakaa na mizani, haiendi shamba, haiendi kilabuni. Kazi yake ni kupiga picha ya namba ya kila gunia likiwa juu ya mizani, mkulima akiwa amesimama hapo, na picha inatumwa kwa mkulima pia kama ana pa kuipokelea. Asiye na pa kuipokelea anaandikiwa kwenye daftari na anasaini au anaweka dole gumba kwa wino, maana huo hauhitaji kusomwa na mashine.

Sola ndogo ya kuchajia nitaiweka kituoni, na mkulima aliyeleta mzigo asitozwe kuchaji.

NjogeKwetu, korongo hilo nalijua, na nimeshapoteza kandambili humo. Simu ya kituo haitavushwa, itakaa upande wake wa maji.

Mjukuu wa Kizota, sheria ya kusikia sauti nimeiandika kwa maka peni ukutani ghalani: HAKUNA KUTUMA HELA BILA KUSIKIA SAUTI. Mtoto wa kaka yangu anasema ataongeza neno la siri la kila wakala, ambalo tutalibadilisha kila mwezi. Nimemkubalia. Na hiyo *106# nimeibonyeza mwenyewe jana jioni, nikakuta laini moja ya zamani ya binti yangu niliyomsajilia akiwa hana kitambulisho. Tunaihamishia kwake wiki hii. Mwambie mama yako namsalimu, na kama ana ufuta aangalie bei kabla hajaahidi mtu.

Kuna mmoja ameniandikia pembeni anauliza kwa nini nisiwaachie mawakala watumie simu zao wenyewe. Baadhi wanazo. Lakini simu ya mtu ina mambo yake: mtoto anaichezea, bando linaisha kwa mengine, na siku akiacha kazi anaondoka na namba ambayo wakulima wameshaizoea. Ninataka namba ya kituo cha Matui iwe inajulikana miaka kumi ijayo, aketi pale nani au nani. Jinsi ya kuisajili ili isiwe mali ya mtu mmoja nitakwenda kuuliza dukani kwa watu wa mtandao, nadhani itakuwa kwa jina la biashara.

Fundi, Jumanne nakuja mjini kufuata turubai. Nitapita hapo Jamatini kabla ya saa sita. Niwekee vitochi vya laini mbili vyenye tochi kali, usiniwekee vya rangi rangi, na betri za akiba ambazo umeshazizungusha mezani mwenyewe. IMEI tutazituma 15090 moja moja nikiwa nimesimama hapo. Halafu nina Nokia 1100 yangu kwenye kabati, kitufe cha kuwashia kimezama ndani na haiwaki, nitakuja nayo. Kama mpira wake wa vitufe unapatikana, ununue, nitakulipa.